Mama, kitabu cha madeni kinasema nini?

Mei 2024 mdogo wangu alinipigia simu usiku. "Dada, mama kaanguka dukani." Kesho yake alfajiri nilikuwa Mbagala Rangi Tatu nikitafuta basi la Ikwiriri, na kabla ya saa sita mchana nilikuwa nyumbani Umwe, nimekaa pembeni ya kitanda cha mama.

Hakuvunjika popote, alhamdulillahi. Kizunguzungu tu, alisema, jua kali. Lakini zahanati walikuwa wamempima na presha ilikuwa juu sana, na muuguzi alipomuuliza mara ya mwisho kumeza dawa ni lini, mama aliangalia pembeni. Ilikuwa wiki tatu. Si kwamba alisahau. Dukani hakukuwa na pesa ya kununulia.

"Mafuriko, mwanangu," aliniambia. "Watu wa bondeni wamenimaliza."

Mzazi mwenzangu, mimi ni mwandishi wa afya na ukurasa huu ni wa familia, kwa hiyo utajiuliza kitabu cha duka kinaingiaje hapa. Kinaingia kwa sababu familia nyingi ninazokutana nazo kazini zinaishi kwa biashara ndogo: genge, duka la rejareja, cherehani, pikipiki mbili za bodaboda, mashine ya kukoboa. Biashara hiyo ikiyumba, kitu cha kwanza kukatwa huwa ni dawa ya mtu mzima, cha pili ni maziwa ya mtoto. Na mara nyingi inayumba si kwa kukosa wateja, bali kwa sababu anayeiongoza hajui pesa iko wapi.

Jioni ile baada ya swala ya Isha tulitandika mkeka, tukawasha taa, tukafungua kaunta buku la mama. Mimi, mdogo wangu ambaye ndiye anayekaa dukani mchana, na mama mwenyewe akiwa ameegemea mto. Nilikuja na hoja yangu kichwani: wakulima wa bondeni walikopa unga na mafuta wakisubiri mavuno, mto ukafurika Aprili, mpunga ukaenda na maji, basi deni nalo limekwenda na maji. Ndivyo kila mtu Rufiji na Kibiti alivyokuwa akisema mwezi ule. Na mama alikuwa ameshachukua uamuzi: hakuna kumkopesha tena mtu wa bondeni.

Tulichukua karatasi tatu. Ya kwanza tuliandika madeni ya wakulima, ya pili ya ndugu na majirani wa karibu, ya tatu ya watu tusioweza kuwatambua. Hii ya tatu mama aliipinga, akasema anawajua wote. Lakini kitabu kilikuwa na majina kama "shemeji", "mama wa pale kwa fundi", "yule wa juzi", na kuna ukurasa mzima mdogo wangu aliandika "jamaa" tu, tarehe na kiasi. Tulikaa mpaka saa tano usiku.

Jumla ilikuwa shilingi 1,340,000. Wakulima walidaiwa 390,000. Wasiotambulika 340,000. Ndugu na majirani, wale ambao mama hakuwahi hata kuwataja alipokuwa akilalamika, 610,000. Karibu nusu ya deni lote. Sehemu kubwa ilikuwa sukari, tende, ngano na mafuta ya Ramadhani, mwezi uliokuwa umeisha wiki chache tu nyuma. Ndugu walichukua, mama aliandika, na kwa kuwa ni ndugu hakuna aliyeuliza.

Mama alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia: "Juzi nimemrudisha mama mmoja wa bondeni hapa mlangoni. Alitaka unga kilo mbili. Ana watoto wanne." Akavuta shuka, akageukia ukutani.

Nilipokuwa nakusanya zile karatasi nilikumbuka kwamba jambo hili lilikwishafanyika hapa hapa kwetu, kwa kiwango kikubwa zaidi, nikiwa mtoto.

Aliyekulia Ikwiriri, Umwe au vijiji vya jirani mwishoni mwa miaka ya 1990 atawakumbuka vijana waliokuwa wakipita nyumba kwa nyumba na fomu. Walianza mwaka 1998, na walirudi kila baada ya miezi minne. Nani amezaliwa, nani amefariki, nani amehama, nani amehamia. Bibi alikuwa akiwawekea kigoda na kuwatajia wajukuu kwa mpangilio, nami nikiwa mmojawapo. Palipotokea msiba, mwingine alikuja baadaye, siku za maombolezo zikishapita, akawauliza ndugu kwa upole marehemu aliumwa vipi: homa ilikuwa ya siku ngapi, alikuwa akikohoa, aliharisha, alipata degedege. Watu wengi walikuwa wakifia nyumbani, na hospitali haiwezi kuhesabu aliyefia nyumbani.

Kazi ile ilikwenda sambamba na mradi wa Wizara ya Afya pamoja na taasisi ya utafiti wa maendeleo ya Canada, IDRC, uliojulikana kwa jina la TEHIP. Uliendeshwa katika wilaya mbili, Rufiji na Morogoro, kuanzia katikati ya miaka ya 1990. Swali lake lilikuwa la kimeneja kuliko la kidaktari: je, halmashauri ikijua watu wake wanakufa kwa nini, kisha ikapanga bajeti kwa kufuata hilo, itaokoa maisha zaidi kwa pesa ile ile?

Walipoweka vifo upande mmoja na bajeti upande wa pili, waliona walichokiona nyumbani kwetu usiku ule. Kule Morogoro, malaria ilikuwa ikichukua asilimia 30 ya miaka ya maisha iliyokuwa ikipotea kwa vifo vya mapema, lakini katika bajeti ya afya ya mwaka 1996 ilipewa asilimia 5. Kifua kikuu kilikuwa chini ya asilimia 4 ya miaka hiyo, kikapewa asilimia 22. Sisemi kifua kikuu hakistahili pesa, na wala hakuna aliyekula pesa hapo. Bajeti ilikuwa ikipangwa kwa mazoea na kwa vipaumbele vya wanaotoa fedha, kama mama alivyokuwa akipanga madeni kwa kilio kilicho karibu na sikio.

Kuna jambo jingine katika habari hiyo ambalo huwa nawasimulia watu wanaoniambia kwamba biashara yao ingekaa sawa wangepata mkopo. Mradi ulikuwa tayari kuziongezea halmashauri mpaka dola mbili za Marekani kwa kila mkazi kwa mwaka. Wilaya ziliweza kutumia kama senti 80 tu. Nyingine hazikuwa na pa kuingia, kwa sababu ukishaitoa pesa ilipokaa vibaya na kuipeleka panapohusika, nyongeza inayohitajika huwa ndogo. Walinunua dawa zilizohitajika zaidi, wakawafundisha wahudumu kumwangalia mtoto mgonjwa kwa ujumla wake badala ya kutibu homa tu, na wakahimiza vyandarua vyenye dawa. Katika wilaya hizo mbili vifo vya watoto vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40 ndani ya kama miaka mitano. Si kwa takwimu peke yake, chandarua nacho kilifanya kazi yake. Lakini takwimu ndizo zilizoonyesha chandarua kiende wapi.

Sasa tushuke kwenye duka lako.

Usianze kwa kununua kitu. Nasema hivi kwa sababu kila nikizungumza na wazazi kuhusu kumbukumbu za biashara, swali la kwanza ni "nipakue programu gani?" Programu za hesabu za kwenye simu zipo nyingi na baadhi ni nzuri, sina ugomvi nazo. Lakini kama kwenye kaunta buku unaandika "jamaa", kwenye simu ya laki nne utaandika "jamaa" vile vile. Anza na wiki moja ya kuandika kila kinachoingia, kila kinachotoka na kila kinachokopwa, kwa jina kamili la mtu na namba yake ya simu. Hata soda ambayo mwanao alichukua kwenye friji. Hata vocha uliyojirushia. Wiki ikiisha, gawa kwenye mafungu matatu au manne na ujumlishe. Mafungu yawe yako: mwenye cherehani atagawa tofauti na mwenye bodaboda. Kisha angalia fungu lipi ni kubwa na jiulize kama ndilo ulilokuwa ukilipigania. Nina hakika nusu ya wanaosoma hapa watashangaa.

Kwa pesa za simuni kazi ni rahisi zaidi, maana mtandao umekuandikia tayari. Unaweza kuomba taarifa ya miamala yako kwenye programu ya mtandao wako au kwenye duka lao la huduma, ukaona mwezi mzima. Shida ni pale laini moja inapobeba kila kitu: mauzo, ada ya shule, mchango wa harusi, pesa ya kikoba. Taarifa ya namna hiyo haisomeki. Mama alikuwa hivyo. Tulimfungulia lipa namba kwa ajili ya duka, na laini yake ya zamani ikabaki ya mambo ya nyumbani. Kwa jambo hilo moja tu, mwezi uliofuata alijua mauzo ya siku bila kuuliza mtu.

Hapo tulikutana na tatizo ambalo nadhani liko nyumba nyingi. Laini ya mama haikuwa ya mama. Wakati wa usajili wa alama za vidole, mwishoni mwa 2019 na Januari 2020, namba yake ya NIDA ilikuwa haijatoka, hivyo mpwa wake alimsajilia kwa jina lake mwenyewe. Mpwa sasa yuko mbali. Siku simu ingepotea au laini kufungwa, mama asingeweza kudai shilingi iliyomo. Piga *106# uangalie ni namba ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako, na uhakikishe ile inayobeba pesa ya duka imo. Ukikuta usiyoijua, nenda ikafutwe. Waangalie na wazazi wako, hasa walio vijijini.

Namba ya siri nayo. Ya mama ilikuwa mwaka wa kuzaliwa wa kaka yetu mkubwa, ilijulikana na nusu ya mtaa, na mama alikuwa akiisema kwa sauti akiwa jikoni mdogo wangu anapotaka kulipa muuzaji wa jumla. Biashara ni kweli haitakiwi kusimama kwa sababu mtu mmoja anaumwa, na ndiyo maana watu huitangaza. Lakini dawa yake ni kumpa msaidizi laini au namba yake ya kazi yenye kiasi kidogo, ya kwako ibaki yako. Na ile meseji ya "ile pesa tuma kwenye namba hii" iliyomtoa fedheha kila Mtanzania bado inatembea. Ikikufikia, usijibu, itume kwenda 15040.

Kitabu chenyewe kipigwe picha. Kila Jumapili, kurasa za wiki nzima, zitumwe kwa mtu mmoja anayeaminika nje ya nyumba. Kwa upande wetu mtu huyo ni mimi. Mafuriko yale hayakufika dukani kwa mama, lakini yangefika, kaunta buku lingekuwa uji na lile deni la 1,340,000 lingekuwa hadithi. Simu ya bei ya kawaida inatosha kwa kazi hii.

Ila picha hizo usizirushe kwenye kundi la WhatsApp la mtaa ili wanaodaiwa waone aibu. Nimeshaona hilo likifanyika, na wengi waliocheka siku ile walikuwa watoto wa shule, kwa sababu kundi liko kwenye simu ambayo watoto wanaichezea. Mtoto wa mdaiwa anakutana na jina la mama yake darasani. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na sidhani kama wewe unataka kuwa mfano wake. Hata bila sheria, deni la mtu ni siri kati yako na yeye.

Mpaka hapa ni mambo ya vitabu na simu. Gumu zaidi lilikuwa kukaa na mdogo wangu.

Kwa wiki mbili za mwanzo aliandika vizuri. Wiki ya tatu mistari ikaanza kupungua, ya nne ukurasa ukawa mweupe. Nilipopiga simu nilikuwa nimeshakasirika, na sauti ilisikika. Akanijibu: "Dada, naandika kwa ajili ya nani? Mama hasomi. Wewe ukipiga unauliza kilichopotea tu." Nililala na maneno hayo. Alikuwa sahihi. Mtu anayejaza fomu asiyoona inabadilisha chochote ataacha kuijaza, awe karani, muuguzi wa zahanati au kijana wa dukani.

Tukabadilisha. Kila Jumapili jioni mama na yeye wanakaa dakika ishirini, kitabu kikiwa katikati, na swali la kwanza limekuwa lile lile: kitabu kinasema nini? Si "nani kachukua", si "mbona imepungua". Swali la "nani" humfanya mtu afiche. Kitabu kikisema sabuni haitoki na mkaa unaisha kabla ya Jumatano, wanaamua hapo hapo, na yeye ndiye anayetekeleza wiki inayofuata. Ameanza kuandika majina kamili bila kuambiwa.

Pia amepewa mamlaka. Awali kila mkopo, hata wa kiberiti, ulisubiri mama atoke chumbani. Sasa mpaka shilingi 5,000 anaamua mwenyewe, zaidi ya hapo anamuuliza mama. Nilichukua wazo hilo kutoka kwenye ule mradi wa Rufiji. Makao ya wilaya yako Utete, ng'ambo ya mto, na enzi zile Daraja la Mkapa lilikuwa halijafunguliwa, achilia mbali zahanati za delta ambazo zinafikika kwa boti. Mganga mkuu asingeweza kuzizungukia zote. Basi vituo vya afya vikubwa vikapewa kazi ya kusimamia zahanati zilizo jirani navyo, na redio za mawasiliano zikafungwa ili muuguzi mwenye tatizo aulize na kujibiwa siku hiyo hiyo. Walio karibu na mgonjwa waliamua mengi, yaliyowazidi yakapanda juu. Mzazi mwenye biashara anayetaka kila jambo lipite kwake atakuja kuanguka dukani.

Madeni ya ndugu je? Sitakudanganya kwamba yote yamelipwa. Mama alikwenda mwenyewe nyumba kwa nyumba, bila kitabu mkononi, akawaeleza hali yake ya presha na kuomba kila mmoja ataje kiasi anachoweza kwa wiki. Mjomba mmoja alinuna mpaka leo. Wengine walilipa kidogo kidogo, elfu mbili, elfu tatu, na kufikia mwisho wa mwaka zaidi ya nusu ilikuwa imerudi. Zile 340,000 za "jamaa" tumezisamehe, hatuna wa kumdai. Na wakulima, wale tuliokuwa tumewafungia mlango, ndio waliomaliza deni kwanza walipopata mavuno yaliyofuata. Yule mama wa watoto wanne alifuatwa kwake wiki ile ile, akapelekewa unga, na jina lake likaandikwa lote.

Kitu kimoja kwa wenye wazazi wa umri wa mama yangu. Presha haiumi, ndiyo maana dawa zake zinakuwa za kwanza kukatwa pesa ikipungua. Mtu anaacha leo, anajiona mzima, anaacha na kesho. Usiiweke dawa kwenye fungu la "kikibaki". Kwenye kitabu chetu ina mstari wake juu kabisa, kabla ya kodi ya fremu na kabla ya muuzaji wa jumla, na inatengwa kila siku kidogo kidogo ili mwisho wa mwezi isiwe mzigo. Kama kipato hakitoshi, rudi kwa aliyeiandika umwambie ukweli, huenda ipo ya bei nafuu zaidi inayokufaa. Usijipunguzie mwenyewe.

Jumapili iliyopita picha ziliingia saa mbili na nusu usiku, mtoto wangu akiwa amelala begani. Ukurasa wa pili ulikuwa na doa la mafuta ya kula na mwandiko wa mdogo wangu umepanda kilima kama kawaida yake. Sabuni imetoka. Mkaa umeisha Jumanne. Mstari wa "dawa ya mama" ulikuwa umejazwa siku sita, Alhamisi ikiwa tupu. Nilipiga simu kuuliza, nikakumbuka njiani kubadilisha swali.

"Kitabu kinasema nini Alhamisi?"

"Kinasema mama alikwenda mazishini Kibiti, duka lilifungwa," akajibu. "Ijumaa nimeweka za siku mbili. Angalia vizuri, dada."

Niliangalia. Zilikuwepo.